Ua la mama halijachipua, na mume wangu ameshashika jembe

Bi Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa ngazini nyuma ya nyumba, saa moja na robo asubuhi, hata sare ya kazi sijavua. Leo ni tarehe 14 Mei. Mbele yangu kuna majiti manne makavu yamesimama kwenye udongo, na kwa sababu ya majiti haya mume wangu analala sebuleni tangu Jumapili. Najua utacheka. Angeniandikia mtu mwingine, hata mimi ningecheka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa Tanga mjini, Ngamiani. Nina miaka tisa hapa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu ni mtu wa Moshi, mpole, mchapakazi, na mpaka juzi hatukuwa na ugomvi wa kumsimulia mtu.

Mwaka jana mwezi wa Juni mama yangu alikuja kututembelea. Alipewa miezi sita. Wiki za mwanzo alikuwa anakaa dirishani tu akihesabu magari, maana sisi tunatoka, watoto wanatoka, na mtaa huu hakuna anayepiga hodi kwa mwenziwe. Siku moja ya Julai nikampeleka duka la miche. Akapita kwenye ile mimea yote kama mtu aliyeingia msiba wa watu asiowajua, mpaka alipofika kwenye chungu kimoja akasimama. "Hii si ile yetu ya uani?" Ilikuwa haibiskasi. Kwetu Ngamiani uzio wote wa nyuma ulikuwa wa haibiskasi nyekundu. Mama akiyafikicha majani yake kwenye maji yanatoa utelezi, anatuoshea nywele. Hii ya dukani ilikuwa nyekundu vile vile, ila ua lake kubwa ajabu. Mama akaliwekea kiganja, likakizidi. Akasema, "Ua gani hili, au sinia la pilau?" Tukanunua.

Tuliupanda mmea pamoja kwenye kona, kando ya njia ya gari. Tangu siku ile mama akapata kazi. Kila asubuhi anatoka na kanga yake mabegani kuhesabu yaliyofunguka, maana kila ua linaishi siku moja tu, na jioni anaokota yaliyosinyaa. Mimi nikirudi kazini nakuta hesabu inanisubiri. "Leo manne." "Leo saba, mwanangu, umekosa." Mwisho wa Oktoba ikaja baridi ya usiku mmoja, kulipokucha majani yote yalikuwa meusi kama yamechemshwa. Nilitaka kuyakata yale majiti. Mama akanikataza. "Ukiyakata tutajuaje kaburi lake liko wapi?" Tulicheka sana.

Aliondoka mwanzoni mwa Desemba. Pale uwanja wa ndege wa Boston akanishika mkono akasema, "Mwakani zamu yako, uje wewe." Nikamjibu, "Nitakuja mama, inshallah." Bi Mshauri, nilijua siwezi. Ombi langu la makaratasi liko mezani, na nikitoka nchi hii bila kibali linahesabika nimelitupa mwenyewe. Sikutaka aondoke na huzuni, nikamdanganya. Hiyo inshallah niliifanya kichaka cha kujificha.

Februari presha ikampanda, akaanguka jikoni, hakuamka tena. Mimi nilikuwa kazini, simu iko kabatini. Nilipoitoa saa moja asubuhi nikakuta nimepigiwa mara 11. Saa moja yangu ilikuwa saa tisa mchana yao. Alizikwa baada ya alasiri. Jeneza nililiona likitoka mlangoni kupitia simu ya mpwa wangu, picha ikikwama kila mara. Dada yangu ndiye aliyemwosha. Tangu siku ile sijaongea naye kwa urefu. Kila akipiga namwambia niko kazini. Na kweli nilikuwa kazini, kesho yake usiku nilirudi. Kila saa mbili nawageuza mama za watu wasipate vidonda vya kulala. Wangu sikumgeuza, sikumwosha, wala sikumtia udongo.

Theluji ilipoyeyuka mwisho wa Machi nilisimama pale konani nikasema moyoni, sijui ilitoka wapi: kama mama ana radhi nami, huu utachipua. Sijamwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa tazama. Tulipu zimetoka na zimeshapukutika. Hosta zimekunjua majani. Peoni tuliyoikuta hapa ina vitumba. Yungiyungi zimefika gotini. Kona ya mama, kimya. Jirani yangu, bibi mmoja Mmarekani mwenye bustani nzuri, ananiambia umelala tu, nisiwe na wasiwasi. Lakini watu wa huku wana maneno matamu, sijui kama anajua au ananiliwaza. Wa nyumbani wananiambia subira yavuta heri. Nimechoka na subira.

Mume wangu ameshanunua mbegu za mchicha na mnafu. Anaitaka ile kona kwa sababu ndiyo inayopata jua kutwa. Jumapili akaniambia kwa upole, "Mama Fulani, umekufa huo. Tukubali." Hilo neno tukubali, Bi Mshauri! Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia. Nikamwambia kama umekufa basi ameuua yeye, maana kipupwe chote theluji ya kwenye njia ya gari aliisukumia pale pale, na chumvi yake. Hakujibu. Alichukua mto akaenda sebuleni.

Na kuna jingine. Kila asubuhi nikirudi nachokoachokoa udongo pale kwa kijiko cha chai. Juzi kikakatika kitu. Cheupe, kadiri ya jino la mtoto. Nikafukia haraka nikaingia ndani. Mpaka sasa sijui kama ni chipukizi nimelivunja kwa mkono wangu.

Nisubiri mpaka lini? Nimwache achimbe? Na usipotoka, nielewe nini?

Mwana wa Ngamiani, Worcester


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Sikucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili chai ilinipolea mkononi.

Nikuambie nilivyoisikia, unisahihishe nikikosea. Pale konani umefukia mambo matatu shimo moja. Kuna mmea, ambao ama u hai ama umekufa. Kuna mume aliyesema neno moja likaangukia pabaya. Na kuna mama, ambaye hukumwosha wala hukumzika, na uliyemwahidi safari ukijua haipo. Swali umeuliza la mmea, nadhani kwa sababu ndilo peke yake lenye tarehe. Basi nianze nalo.

Unaizungumzia haibiskasi ya Worcester kana kwamba ni ile ya Ngamiani. Hizo ni ndugu, lakini kila mmoja ana tabia yake. Ile ya uani kwenu, yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ni ya nchi za joto. Baridi inayogandisha udongo huiua mpaka mzizini, na hakuna subira ya kuirudisha. Iko nyingine ambayo asili yake ni huko huko mashariki ya Marekani, kwenye majimaji na kingo za mito, na wataalamu wanaiita Hibiscus moscheutos. Hiyo majani yake hayana mng'ao, na ua lake hufika upana wa sentimita 20 na kuzidi. Kila mwaka baridi ikiingia sehemu yote ya juu hufa, vikabaki vijiti vikavu, na uhai unajificha mizizini. Ipo na ya tatu, ya matawi magumu kama mti mdogo, lakini ua lake ni dogo, halifiki kuitwa sinia.

Kiganja cha mama kinanielekeza kwenye ile ya pili. Hata hivyo maduka ya huko huuza na ile ya joto wakati wa kiangazi, ya kuweka vyunguni barazani, na mimi yako sijaiona. Kwa hiyo kabla ya yote fungua simu yako utafute picha za Julai na Agosti. Najua zipo, mama hawezi kukaa miezi sita asipigwe picha na ua lile. Tazama majani, si ua. Yanang'aa au hayang'ai? Jibu hilo litakufaa kuliko asubuhi zote za kijiko.

Ikiwa ni hiyo ya pili, tarehe 14 Mei bado mapema. Najua ni vigumu kusadiki ukiwa umezungukwa na wenzake walioamka, na nadhani hapo ndipo macho yalipokuhadaa: umempima kwa peoni. Peoni ni mtoto wa baridi; asipoipata ya kutosha hata maua hatoi, na jua la Aprili linamtosha kuamka. Tulipu ni hivyo hivyo. Haibiskasi haidanganyiki na jua la mchana mmoja. Inangoja udongo upate joto mpaka ndani, na mji wenu uko juu vilimani, baridi yake inachelewa kutoka kuliko ya Boston. Mikoa hiyo, kuchungulia mwisho wa Mei ni kawaida yake, na ikifika Juni haijatoka bado watu wa bustani hawashtuki. Jirani yako alikuwa anakuliwaza na alikuwa anajua, yote mawili. Na ikishatoka inakimbia: mmea ambao mwanzo wa Juni hauonekani unaweza kukufika kifuani Agosti.

Watu wengine huyaita majira hayo ya huko masika, jambo ambalo mimi sijawahi kulikubali. Masika yetu ni mvua, inaanza na kila kitu kinaanza. Machipuko ya huko yanapita kona kwa kona, huyu leo, yule baada ya mwezi.

Halafu fikiri kidogo. Wewe mambo haya si mgeni nayo. Umeona manjano yakinyauka majani wakati wa kiangazi, kuna aliyelia? Tunajua mzigo uko chini. Umeona lile ua jekundu la duara linalochomoza kwenye udongo mtupu mvua za kwanza zikinyesha, siku mbili kabla ungeapa hapana kitu. Mbuyu unasimama uchi miezi na miezi na hakuna anayeuendea na shoka. Hatuogopi kwa sababu tumeviona vikirudi tangu utotoni. Huo wako hujauona ukirudi hata mara moja. Huu ndio mwaka wake wa kwanza kwenye ardhi hiyo, na ndio mwaka wako wa kwanza bila mama. Sishangai unakutisha.

Nisiposema la upande wa pili nitakuwa mmoja wa wale wenye maneno matamu. Huenda umekufa kweli. Mmea uliopandwa Julai unaingia baridi mizizi haijashika sana. Udongo ukiganda na kuyeyuka, ukiganda na kuyeyuka, unaweza kuusukuma juu mizizi ikabaki wazi. Panya wa shambani hutafuna mizizi chini ya theluji bila mtu kuwaona. Na chumvi ya barabarani huumiza mimea, hapo hukukosea. Lakini theluji yenyewe ni blanketi, inaukinga udongo na baridi kali ya juu. Kwa hiyo mume wako alikuwa anaufunika mmea na kuutia chumvi kwa sepetu moja, na hakuna anayeweza kukuambia lipi lilizidi. Mvua za Aprili nazo huwa zinaosha sehemu ya hiyo chumvi. Ulipomwambia ameuua, ulimhukumu kwa kosa ambalo hata maiti yake haijapatikana.

Kile cheupe kilichokatika: kilikuwa kimenyooka au kimejikunja? Udongo wa nyasi za huko wakati huu una funza wengi wa mbawakawa, weupe, wamejikunja kama ndoano, na kichwa chao ni cha kahawia. Chipukizi linakuwa limenyooka na lina ugumu wa karoti changa. Na tuseme lilikuwa chipukizi. Mmea huu una macho mengi pale shina linapokutana na mizizi, kama kiazi. Ukivunja moja mengine yapo. Ila macho yenyewe hayako mbali chini, na yanavunjika upesi. Ukiendelea kumtafuta hivyo kila asubuhi, utakuja kumuumiza kwa hamu ya kumwona.

Umeuliza umwache mume achimbe. Kuchimba kupo kwa namna mbili. Kuna kung'oa, na kuna kufukua kwa mkono upande mmoja tu, pole pole, mpaka uuone mzizi mmoja mnene. Uukwaruze kwa ukucha. Ukiwa mgumu na ndani una rangi ya maziwa, mfukie uondoke. Ukibonyea kama ndizi iliyooza na una harufu, hapo unajua. Wengine hawawezi kukaa bila kujua, na kwao njia hiyo ni nafuu hata ikiwa na hatari ya kuvunja kitu. Wengine wakijua mapema inawaumiza zaidi kuliko kungoja. Wewe ni yupi? Nimejaribu kukusoma kwenye barua na sijakupata. Unachokoa kila siku, lakini kikitokea kitu unafukia na kukimbia.

Sasa twende sebuleni alikolala mwenzio. Hapa kuna jambo limenichekesha kidogo, uniwie radhi. Mchicha na mnafu ni mboga za joto. Ukizimwaga mbegu zake kwenye udongo wa Worcester katikati ya Mei zitakaa tu, au zitaota unyonge na usiku mmoja wa baridi uzimalize. Wenyeji wengi wa huko hungoja mpaka karibu na ile sikukuu yao ya Jumatatu ya mwisho ya Mei ndipo watoe nje nyanya na pilipili. Yaani joto analolingoja mume wako kwa mchicha wake ndilo hilo hilo unalolingoja wewe. Mnagombania kona ambayo kwa wiki mbili tatu zijazo haimfai yeyote kati yenu. Na hata muda huo ukifika, mmea mmoja unahitaji duara la hatua moja tu. Mnaweza kuchomeka vigingi vinne, kuzungushia kamba, yeye akapanda mboga pembeni yake. Hatari ya hilo ni kwamba utaiona ile kamba kila siku, na kuna siku utaichukia. Wengine hupenda kununua mche mwingine na kuupanda karibu, jicho lipate cha kutazama. Wengine wakifanya hivyo wanajiona wamemleta mama wa kambo. Hilo utalijua wewe.

Lakini lile neno lake, tukubali. Umelisikia kama la mtu aliyechoka kukungoja. Labda. Mimi nimejiuliza mengine. Yule ni mkwe aliyeishi na mama miezi sita, akala chakula chake, akampeleka uwanja wa ndege. Je, kuna aliyempa pole? Na ile theluji aliisukuma yeye. Unadhani hajaiwaza kabla hujamtamkia? Huenda anataka ile kona ichimbwe haraka kwa sababu hawezi kuipita kila asubuhi akienda kwenye gari. Sijui, mwanangu, nakisia tu. Ninachojua ni kwamba amekuona karibu miezi miwili unakagua vijiti na hajaambiwa vimebeba nini. Umemficha nadhiri, umemwonyesha hasira. Ukimweleza huenda akaona ni mambo ya ajabu, na hilo lina uchungu wake. Lakini sasa hivi anagombana na ua, na hajui kwamba ua si lenyewe.

Nimechelewa kufika hapa makusudi. Radhi.

Ulichofanya mwisho wa Machi, bibi zetu walikuwa na jina lake: ni kupiga ramli. Umekaa mbele ya udongo ukauambia unijibu. Sikulaumu, mtu aliyepata habari za mamake kabatini lazima aulize pahali. Ila utazame ulivyoupanga mchezo wenyewe. Usipochipua, utajihukumu kwa kosa la panya au la chumvi. Na ukichipua? Umeniuliza uelewe nini usipotoka, hukuuliza uelewe nini ukitoka. Utafurahi, najua, utapiga kelele mpaka jirani atoke. Kisha itakuja Oktoba, majani yatakuwa meusi tena, na Mei ijayo utasimama pale pale na kijiko. Radhi ya mama itakuwa inakatwa na kurudishwa kila mwaka kwa kufuata hali ya hewa? Mimi sina uwezo wa kukutolea fatwa, sheikh unayemwamini ndiye wa kumuuliza, na naona ingefaa umuulize kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Lakini tulivyofundishwa na mama zetu, radhi ni kitu cha kati ya mtu na mtu. Hawakutufundisha kuitafuta mizizini.

Kuhusu uwongo wa uwanja wa ndege nakuuliza tu. Una hakika ulimdanganya? Uliongopa, hilo umekiri. Kwamba alidanganyika ni jambo jingine. Yule aliishi nyumbani kwenu miezi sita. Aliona bahasha za wakili, alisikia mazungumzo ya usiku, na alikuwa mtu wa kuhesabu, maua na magari. Mama anayemwambia mwanawe "mwakani zamu yako" mara nyingine anajua jibu, na anasema ili mwanawe naye apate cha kusema. Inawezekana aliamini kabisa, akaenda Tanga akawaambia watu mwanangu anakuja. Mimi sikuwepo. Yupo mmoja aliyekuwepo, na ndiye unayemwambia kila siku uko kazini.

Dada yako alimwosha mama. Kuna vitu anavijua ambavyo hakuna mtu mwingine anavijua: alivyokuwa uso wake, nani alishika maji, mama alisema nini juu ya Marekani alipokaa na wanawake wenzake, kama alisimulia lile sinia la pilau. Inawezekana unamkwepa kwa kuogopa atakulaumu. Inawezekana pia yeye anapiga kwa sababu ameachwa peke yake na ile kumbukumbu, hana pa kuipeleka. Kumpigia kuna hatari, sikufichi. Huenda ukasikia usilopenda. Mnaweza kuanzia kwenye jambo dogo, kisomo, sadaka ya kutoa pale msikitini Ngamiani kwa jina la mama. Fedha ya sadaka inavuka mpaka bila makaratasi. Na kibali cha kusafiri ombi likiwa mezani wengine hukipata, lakini kina masharti na hatari zake. Hilo muulize wakili, usimuulize mtu wa safu ya gazeti wala wa kundi la simu.

Nina wasiwasi na jambo moja ambalo umelipitia kwa sentensi moja: kesho yake usiku ulirudi kazini. Nimetafuta barua nzima mahali ulipolia, sijapaona. Umepiga kelele, umechokoa, umefukia. Huko kazini kwenu, kwa kuwa ni nyumba ya wazee, huwa kuna watu wa kuongea na familia zilizofiwa. Uliza kama wanaongea na wafanyakazi pia. Ukiona usingizi wa mchana umekataa kabisa, au ukimgeuza mgonjwa mikono inatetemeka, usingoje Juni kwa hilo.

Mpaka lini, uliuliza. Watu wa bustani wangekuambia mwisho wa Juni ndipo uache kutazamia. Mimi ningependa kujua kwanza picha zinasema nini juu ya majani. Majiti yaache yasimame. Mama alikuwa na haki, bila hayo mtu atakanyaga pale au atapitisha jembe. Kijiko kirudishe jikoni.

Na tangu saa za huko ziliposogezwa Machi, saa moja yako ya asubuhi si saa tisa tena Tanga, ni saa nane. Dada yako atakuwa ameshaosha vyombo vya mchana, hajawasha moto wa jioni. Ukikaa ngazini kesho, sare na yote, mpigie.